Kanisikilizie

“We nenda,” mama alisema. “Kanisikilizie.”

Alikuwa kaegemea mito miwili, na wa tatu kaukumbatia kifuani kama wauguzi walivyomfundisha: kikohozi kikikujia, bana mto kwanza ndipo ukohoe. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu abadilishwe valvu ya moyo. Mshono umeshakauka, hamu ya chakula imerudi kidogo, na ulimi, alhamdulillahi, ulirudi mzima siku ileile alipotolewa mpira kooni. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani kamlipia mjomba taksi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mtandio mkononi, natafuta sababu ya kutokwenda. Mgonjwa nitamwachaje usiku? Mjomba yupo. Dawa ya saa tatu je? Mjomba anajua kusoma. Na kama… Hapo akanikata. “Mwanangu, nimekuja mpaka kwao, nimepasuliwa kifua, Rahman anapiga muziki hapo nyuma ya nyumba, na sisi tumekaa tunatazamana na feni? Nenda kanisikilizie.”

Nyuma ya nyumba ilikuwa mwendo wa saa nzima na zaidi kwa bajaji, kwa foleni za Chennai, huku kusini mwa India. Lakini mama akishasema mara mbili, la tatu husemi wewe.

Kwetu Unguja ukisikia fulani “kapelekwa India”, huulizi kapelekwa kufanya nini. Unauliza tu hali yake, na nani kafuatana naye. India kwetu ni vitu viwili, hospitali na sinema, na aghalabu mtu huijua ya sinema miaka hamsini kabla hajaijua ya hospitali. Mama ni mmoja wao. Usichana wake aliumalizia Majestic pale Vuga, na Empire, na Cine Afrique, mradi kuna picha ya Kihindi. Mother India ilitoka 1957 yeye akiwa mtoto mchanga, ila anaihadithia kama aliyekuwepo kijijini siku mama yule anamlenga bunduki mwanawe. Bobby ya 1973 aliiona mara nne, na mara ya nne, anasema, hakutazama picha, alikwenda kuhakikisha nyimbo. Kihindi hajui. Hakuna aliyekuwa akijua katika kundi lao. Walikuwa wakitoka pale wanaimba neno kwa neno, na wangeulizwa maana wangecheka.

Majina ya waimbaji alikuwa nayo kama mtu alivyo na majina ya wajomba zake: Lata, Rafi, Mukesh, Kishore. Mtunzi hakuwa mtu. Nyimbo zilikuwa za Lata, basi. Nani kazitunga ni suali ambalo kwetu halikuulizwa mpaka mikanda ya deki ilipoanza kuja na jina moja mbele kuliko hata ya mastaa, A. R. Rahman. Mama mwanzo alimkataa. Kelele za kompyuta, alisema. Kisha ikaja Dil Se, mwaka 1998, na ndani yake kuna wimbo ambao Lata mwenyewe, akiwa amekaribia miaka sabini, anauimba kwa sauti ya mwari. Mama alirudisha ule mkanda mpaka deki ikaanza kuutafuna. “Kama Lata kamkubali,” alisema, “mimi nani?”

Kwangu mimi Rahman alitangulia kabla ya hapo, na alikuja kupitia mfereji wa maji.

Nilikuwa na miaka saba hivi. Mtaani petu maji yalikuwa yakitoka alasiri, yakitoka, na watoto ndio tuliokuwa tukipangwa foleni na madumu. Nyumba ya pili kutoka mferejini walikuwa na deki, na mkanda wa Roja ulipowafika hawakuupumzisha. Kuna wimbo mule wa msichana wa shamba anayerukaruka kwenye maporomoko ya maji na mitumbwi, kalowa, anacheka peke yake. Kibwagizo chake cha Kihindi ni dil hai chhota sa, moyo wangu mdogo tu. Sisi tuliokuwa na madumu matupu tulisikia neno moja tulilolijua: chota. Na msichana mwenyewe si huyo yumo majini? Basi wimbo ni wa kuchota maji, na “sa” ni sasa iliyokatwa mkia. Tukawa tunaimba, tunapiga madumu kwa vibao vya mikono: dili haya, chota sa! Ya aliyeko mbele ikijaa, foleni nzima inamwimbia aondoke. Mwisho hata watu wazima walikuwa wakitwambia hivyo. “Haya, chota sa, wenzio wanangoja.”

Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya A. R. Rahman, na nilitua nayo Chennai nikidhani inatosha.

Wiki ya kwanza mama alitaka kuwapendezesha wauguzi. Alijipanga kitandani, akamsubiri yule aliyekuja kumpima presha, akamtolea Kihindi chake cha Majestic: kaise ho, beti? Muuguzi akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza kuwa presha iko vizuri. Mama akajaribu kwa wa pili. Naye Kiingereza. Usiku akaniambia kwa masikitiko kwamba wasichana wa siku hizi wanajidai, hawataki lugha yao.

Aliyetufungua macho ni kijana wa mapokezi pale gesti. Tulipanga karibu na Greams Road, mtaa wenye maduka ya dawa mengi kuliko ya mikate, na gesti zake zimejaa watu wenye bahasha kubwa za picha za eksirei: Wabangladeshi, Waomani, Wasudani, na sisi. (Ghorofa ya juu yetu alikuwepo mzee wa Muscat aliyezaliwa Malindi ya Unguja. Alinisikia nikimwita mjomba ngazini, akashika ukuta. Jioni ile yeye na mama walikaa barazani wakibishana ni nani alikaa viti vya mbele siku Bobby ilipoanza kuonyeshwa, kama vile wengine sisi hatupo.) Yule kijana alikuwa anasoma uhandisi mchana na usiku anashika funguo. Alimwita mama Amma, ambayo ndiyo mama kwao, na mimi akaniita akka, dada mkubwa. Mama hakuacha kucheka. “Mwanangu wa kike kaja India kawa kaka.”

Alituambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa matokeo: Amma, hapa si Kihindi. Hapa ni Kitamil. Kihindi wengine tunakijua kama nyinyi, kwa sinema. Mwaka 1965, alisema, watu wa jimbo hili walikufa kwa kukikataa Kihindi kisiwe lugha rasmi ya pekee ya nchi. Wengine walijitia moto wenyewe. Hakuyasema kwa hasira, aliyasema kama mtu anavyokwambia jina la babu yake. Nikamuuliza: na Roja? Akaniangalia kama niliyemuuliza bahari iko wapi. Roja ni picha ya Kitamil, ya 1992, aliyeiongoza ni Mani Ratnam. Mnayoijua nyinyi imetiwa sauti za Kihindi baadaye. Na Rahman ni mtoto wa mji huuhuu, kazaliwa hapa 1967, studio yake iko uani kwao Kodambakkam, nusu saa kutoka hapa ulipokaa.

Nilipanda juu nikamweleza mama. Alinyamaza kitambo. Kisha: “Kwa hiyo ule wimbo hata Wahindi wenyewe wameukopa?”

Sasa tiketi. Familia ya yule kijana walikuwa nazo nne: yeye, dada yake, mama yake na baba yake. Baba hakutaka. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na safari. Kwa itikadi tu. Yeye ni mtu wa Raja. Nililazimika kuelezwa. Kabla ya Rahman kuna Ilaiyaraaja, ndiye huyo Raja, mtunzi aliyeanza na picha ya kwanza 1976 na tangu hapo ametia muziki katika picha zaidi ya 1,000. Kwa watu wa umri wa yule baba, hakuna harusi, msiba wala safari ya basi isiyokuwa na sauti yake. Rahman mwenyewe, akiwa kijana mdogo, alikuwa mpiga kinanda wake wa kukodiwa. Halafu kijana akatoka, akatoa Roja, tuzo ya taifa kwa picha yake ya kwanza kabisa, na nyumba za Kitamil zikagawika, baba upande huu, watoto upande ule. Kwao hilo halina mzaha. Yule mzee alikuja kunikabidhi tiketi yake kwa mikono miwili, akaniambia, mwanawe akitafsiri, kwamba nikitaka kusikia muziki nirudi yeye atanipigia kaseti.

Tuliondoka magharibi. Ilikuwa Januari, siku chache kabla ya Pongal, sikukuu yao ya mavuno, miwa imeegemezwa kila kona kama mikuki na vyungu vimepangwa njiani. Januari ndiyo baridi yao, maana yake unatoka jasho upande mmoja tu. Mama yake kijana alikuwa kavaa sari ya kijani kibichi na shada la asumini kwenye nywele. Aliponiona na mtandio mtupu hakupendezwa. Akatoa kipande cha lile shada, akakibana kwa pini begani mwangu, akakipigapiga kikae. Nilinusa nikamkumbuka bibi yangu na vikuba vyake vya asumini na rehani, anavyovibana kwenye kanga siku ya harusi. Sina lugha ya kumwambia, nikamshika mkono tu. Na tulipofika uwanjani, katikati ya moshi wa mahindi ya kuchoma na vumbi, kila nilipopishana na wanawake ilipita ile harufu. Maelfu ya watu, na uwanja unanukia kama chumba cha bi harusi.

Kuingia kulikuwa mtihani. Foleni ya wanawake ilikwenda vizuri, ya wanaume ikasimama, tukawasubiri. Chupa za maji zikaachwa nje. Tulipofika kwenye viti vyetu tukavikuta vimekaliwa na ukoo mzima, na wao wana tiketi zenye namba zilezile. Kijana mwenye fulana ya waandaaji akaangalia tiketi zetu, akaangalia viti, akatuangalia sisi, kisha akaondoka haraka kana kwamba kuna aliyemwita. Hakurudi. Dada mtu alitaka kupigana. Mama mtu akasema neno moja la Kitamil, sote tukageuka tukaenda nyuma kusimama, mpaka tukakwama kwenye uzio wa mafundi wa sauti.

Na niwaambie, kama mtawahi kwenda kwenye onyesho kubwa, nunueni tiketi ya bei mnayoweza kisha nendeni mkasimame hapo. Ndipo sauti inapopimiwa, kwa hiyo ndipo inapofika ikiwa sawa. Wale wa viti vya mbele walikuwa wanapigwa na spika za upande mmoja. Kati yangu na fundi kulikuwa na hatua mbili. Bwana wa makamo, tumbo dogo, miwani kaipandisha kichwani, tochi ndogo kaibana kwa meno. Mbele yake meza ndefu ya vitufe vya kupandisha na kushusha, na juu ya kila kimoja utepe mweupe ulioandikwa kwa kalamu: jina la mwimbaji, filimbi, ngoma. Vidole vyake vilikuwa vikitembea kama vya mtu anayechambua mchele. Mwimbaji anavuta pumzi, kidole kimeshafika. Mara nyingi nilisahau kutazama jukwaa nikamtazama yeye.

Ilichelewa saa nzima. Kisha taa zikazimwa, na uwanja ukatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa watu, kama bati kubwa linaloburutwa.

Rahman ni mtu mdogo. Nasema mdogo wa umbo, na mdogo wa mwendo. Nilitegemea bwana harusi, akatokea mtu mwenye koti la kumetameta ambaye anaonekana angependa liwe la mtu mwingine. Aliinama kidogo, akakaa kwenye kinanda, akaanza kazi. Baina ya wimbo na wimbo alisema maneno matatu, manne, kwa sauti ya chini, na kila mara watu walimpigia kelele kama kahutubia. Uimbaji mwingi kawaachia wengine, vijana kwa wazee, wanapokezana kipaza sauti. Akiimba mwenyewe sauti yake si nzuri kama zao. Inakwaruza kidogo juu. Lakini aliyeko pembeni yako ananyamaza.

Kishindo cha besi kilinipiga kifuani mpaka nikaweka mkono. Nikasema afadhali mama yuko kitandani, hiki kingemfumua nyuzi zote.

Baba yake Rahman, R. K. Shekhar, naye alikuwa mtu wa muziki wa filamu, akifanyia kazi picha za Kimalayalam, lugha ya jirani zao wa Kerala. Alikufa 1976, mtoto ana miaka tisa. Mama yake akabaki na watoto na vyombo vya muziki vya marehemu, akawa anavikodisha, na nyumba ikala kwa kodi ya vinanda. Mtoto akaanza kupiga kwa malipo kabla hajamaliza skuli, na baadaye kabisa skuli akaiacha. Mwenyewe amesimulia zaidi ya mara moja kwamba mama yule aliuza dhahabu zake ili anunue mashine za studio. Kijana alinihadithia haya masikioni, kwa kupiga kelele, ngoma zinalia. Mimi nilikuwa nafikiria karo la kwetu jikoni, miezi miwili nyuma, mama anajivua bangili sita kwa sabuni ya kufulia, moja moja, na kuzipanga juu ya taulo. “Za nini?” alituuliza tulipolia. “Nitazivaa kaburini?”

Nirudi uwanjani. Katikati ya onyesho waimbaji waliondoka akabaki mpiga ngoma, Sivamani. Hawa wawili wanajuana tangu ujana, walikuwa bendi moja kabla hata Roja haijafikiriwa. Ana seti ya ngoma ya kutosha kikosi kizima, ila anachojulikana nacho ni kupiga kisichokuwa ngoma: sanduku la safari, sahani, chochote. Akavuta dumu. Dumu la plastiki la maji ya kunywa, yale ya lita 20 yanayogeuzwa kichwa chini maofisini. Akaligonga kwa kiganja, taratibu, kisha kwa vidole, kisha kwa ubavu wa mkono, na mimi nikajikuta najua kinachokuja baada ya kila pigo. Si kwamba najua muziki. Nilikuwa foleni ile miaka mitatu.

Na walipomaliza hilo ndipo ukaanza ule wimbo.

Anzo lake ni dogo sana, unaweza kudhani mtu anajaribu chombo. Uwanja ulishusha pumzi wote pamoja. Simu zikawaka, ikawa kama kuangalia mji kutoka boti ya usiku. Mama yule mwenye sari alifumba macho. Na wote, wazee, watoto mabegani mwa baba zao, askari mwenye fimbo kwenye uzio, wakaanza kuimba, kwa Kitamil: Chinna Chinna Aasai. Tamaa ndogo ndogo. Mshairi Vairamuthu aliyaandika haya maneno, na hizo tamaa ndogo, kijana alinitafsiria baadaye, ni kama kuubusu mwezi na dunia nzima imzunguke yeye. Msichana wa shamba, huyo.

Mimi nikafungua mdomo, na kabla sijajizuia ikatoka: dili haya, chota sa!

Kijana akageuka. “Akka, hicho ni Kihindi?”

“Hapana.”

“Ni lugha gani?”

Nikafikiri. “Ya mferejini.”

Hakuelewa, na mimi sikuweza kuacha kuimba ili nieleze. Machozi yalikuwa yananitoka na sijui ya nini hasa, kwa sababu siku zote kumi na tisa tangu mama apasuliwe sikulia. Mama mwenye sari akafumbua macho, akaniangalia mdomo, akajua kabisa kwamba naimba vitu vyangu. Akanipa kiwiko. Endelea.

Haya ya lugha kwa Rahman yameshazua mambo. Julai 2017 alipiga Wembley, London, onyesho alilolipa jina la Kitamil, na baadhi ya wasemaji wa Kihindi walitoka katikati, wakaenda mitandaoni kudai warudishiwe pesa zao kwa kuwa nyimbo za Kitamil zilikuwa nyingi. Nilipohadithiwa nilicheka peke yangu. Unguja nzima ingedai pesa tangu 1957. Sisi tumelipia tiketi miaka na miaka kwa nyimbo tusizojua neno lake hata moja, tukatoka tumeridhika, na kesho yake tukarudi na shangazi. Nadhani anayejua nusu ya lugha ndiye anayeumia, kwa kuwa anaona nusu nyingine kanyimwa.

Na kama tulitaka maana tulitia zetu. Hapa Wamombasa wametushinda: Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyefariki 2014, alichukua sauti za nyimbo za picha za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, mengine ya ndugu yake Ahmad Nassir, yule malenga wa Mvita, na ukisikiliza unaona kabisa ushairi umekaa kitini mwake, haukuazima. Kwetu Unguja wakubwa wa taarabu walijipa heshima ya Misri, wakiyatazama haya kwa jicho la pembeni. Marehemu babu alikuwa akiita wizi. Alikuwa akiita wizi huku kidole chake kinapiga mkono wa kiti. Nilimkumbuka pale uwanjani, kwa sababu Roja ya Kihindi nayo imefanywa hivyohivyo: sauti ileile, mshairi mwingine, lugha nyingine. Yule msichana anaimba Kitamil, kavishwa Kihindi, kafika mtaani kwetu kachotewa maji.

Nyimbo za Kihindi zilikuja chache, usiku umeshaingia. Moja ilikuwa Kun Faya Kun, ya picha Rockstar ya 2011, ambayo ndani ya picha inaimbwa uani kwa Nizamuddin, Delhi, kwenye kaburi la walii. Rahman alisilimu na familia yake akiwa kijana, na nyimbo zake za namna hii anaziimba mwenyewe. Alisimama mbele, safari hii bila kinanda. Watamil wa pembeni yangu walikuwa wakifuata tu kwa mvumo. Ilipofika kibwagizo, mama mwenye sari akaninong’oneza kitu, mwanawe akatafsiri: “Amma anauliza, hii maana yake nini?”

Ananiuliza mimi. Usiku kucha nimekuwa mgeni wa kila neno, na sasa uwanja mzima unaimba aya ninayoijua tangu chuoni, mwisho wa Yasini, ninayomsomea mama kila usiku saa tatu baada ya dawa. Nikamwambia: Mungu akitaka kitu, hukiambia kuwa, kikawa. Kijana akampelekea kwa Kitamil. Mama yule akatikisa kichwa vile wanavyotikisa wao, kushoto kulia, ambavyo mpaka leo sijui ni ndiyo au hapana. Kisha akaniuliza, mwanawe akipokea: “Mama yako atapona?”

Nikasema inshallah. Hilo alilielewa bila mkalimani.

Nilikuwa nimemwahidi mama nitampigia simu ya video. Nilijaribu mara sita, nane. Watu wote wale na simu zao walikuwa wameubana mtandao mpaka hata ujumbe mtupu ulikuwa unazunguka tu. Mara moja ilishika: nikaiona dari ya gesti, na pua ya mjomba kwa karibu sana, na sauti ya mama mbali, “Elekeza kwa mwenyewe, usinielekeze watu!” ikakatika. Nikaamua kurekodi. Nilikuwa nimerekodi na ule wimbo wa maji, ila sikuwa na uhakika kumeingia nini, mkono ulikuwa unatetemeka.

Walimaliza. Kutoka kulikuwa kubaya kuliko kuingia. Viatu vimepotea, watoto wamelala mabegani, madereva wa bajaji wanataja bei ya kwenda Arusha. Fundi wa sauti nilimwacha anafunga nyaya kwa mkunjo wa nane, tochi bado mdomoni. Nilitaka kumshukuru, nikamwonea haya.

Gesti tulifika saa saba kasoro. Baba wa kijana alikuwa kakaa mapokezi badala ya mwanawe, kaseti mbili juu ya kaunta, kweli kaleta. Nilimwambia kesho, inshallah. Nikapanda ngazi kwa vidole, viatu mkononi, nisimwamshe mgonjwa.

Taa inawaka. Mjomba analala kwenye kiti, mdomo wazi, miwani tumboni. Mama yu macho, mto kakumbatia, mtandio kajifunga vizuri kama anayesubiri wageni.

“Lete,” alisema.

Nikakaa kitandani upande wa mguu, nikampa simu. Akaiweka sikioni kama anayeongea na mtu, ingawa nilikuwa nimeipandisha sauti mpaka juu. Kilichosikika mwanzo ni kelele, kama mvua kwenye mabati. Kisha ile filimbi. Kisha umati, kwa mbali, wanaimba Kitamil kwa maelfu yao, na mbele yao, karibu kabisa na kipaza sauti cha simu, imewafunika wote, sauti yangu mimi, imepasuka, imepanda kuliko ufunguo, inaita watu waje wachote.

Mama akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika. Akaubana mto kwa mikono miwili, akauma midomo, machozi yanashuka. “Usinichekeshe,” alisema, “usinichekeshe, nitafumuka.” Mjomba akagutuka, akauliza kuna nini, ameitwa daktari?

“Lala,” mama akamwambia. Akavuta pumzi kidogo kidogo, vile alivyofundishwa. Nikamfuta uso kwa ncha ya mtandio, akaunusa ule ua wa asumini uliobaki begani mwangu, akauchomoa, akautia chini ya mto. Kisha akanirudishia simu.

“Rudisha pale,” alisema.

“Wapi?”

“Pale pa maji.”